Kozi Sita Zangu

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Mashuka ya vyumba sita hayajakauka tangu juzi. Ukungu wa kreta umeshuka mpaka huku Karatu, baridi inauma vidole. Wapishi wa safari nimewapa chai saa kumi na moja. Fundi Gwandu amemaliza ukuta wa gesti leo. Kozi kumi na moja za matofali, mstari juu ya mstari, chupa zilizovunjwa juu. Ukiwa barabarani huoni kitu. Mzuri kweli.

Kwenye mchoro wa Aneth ni kozi tano, usawa wa kifua, na wavu juu yake. Geti linatazamana na kwa jirani yangu Mama Paskali, ng'ambo ya barabara. Mwanangu amesomea majengo Dar miaka minne, nani mwingine mtaani ana mtoto wa hivyo? Lakini ukuta wa kifuani ni wa zizi la mbuzi. Tena Mama Paskali akikaa barazani kuchambua maharage anaona hadi ninachokula. Nimemwambia fundi apandishe. Aneth yuko Arusha kazini, hajui. Akija atazoea.

Alhamisi, 7 Agosti
Jumuiya imesali kwangu. Wote macho ukutani. Nimewaonyesha mchoro, upo mapokezi kwenye fremu ya kioo, jina la mwanangu chini pale. Nikasema kila tofali amelipanga yeye. Hakuna aliyehesabu.

Mzee Tluway alikuwepo, mwenye kempsaiti njia ya kwenda geti la hifadhi. Wezi wanamchania mahema ya wageni. Anataka Aneth amchoree uzio. Itakuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti
Tumeibiwa. Mchana kweupe, tukiwa kanisani, wageni wako kreta. Wamerukia nyuma kwenye mfereji, wakaweka gunia juu ya chupa. Kufuli za vyumba wamezikata kwa msumeno, taratibu, kama wako kwao. Mabegi, kamera, hadi sola ya paani.

Mama Paskali alikuwa barazani kwake muda wote. Msumeno aliusikia.

“Nikajua ni fundi wako, Mama Aneth. Ningewaonaje? Umenizibia.”

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, amelia. Nimempa chai. Chai haikumsaidia.

Jumanne, 12 Agosti
Sokoni wanasema binti yangu amechora banda la kufugia wezi. Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye meza ya vitunguu. Nimepita na kikapu changu. Kimya. Mimi, ambaye mdomo haupumziki.

Mzee Tluway amemtuma dereva wake. Uzio atampa mtu mwingine.

Neno langu moja lingetosha. Nimeogopa kuchekwa. Mama gani huyu.

Jumamosi, 16 Agosti
Aneth kaja na basi la saa nne. Kasimama getini begi likiwa begani, akautazama ukuta. Akaingia mapokezi, akautazama mchoro. Hakupiga kelele.

“Mama, hii si yangu.”

Nikaanza habari za Mama Paskali na macho yake.

“Hayo macho ndiyo mlinzi wako, mama. Nilimhesabu yeye kabla ya tofali la kwanza.”

Kumbe ndiyo maana geti alilielekeza kule. Nilidhani ni kosa la kitoto.

Kauliza kama watu wanajua ni nani aliyepandisha. Nikatazama sakafu. Kazi ya Mzee Tluway imeondoka, nikamwambia na hilo. Kiburu nilichompikia, ndizi na maharage anavyovipenda, hakukigusa.

Jumapili, 17 Agosti
Amerudi Arusha. Kaniaga kwa adabu zote, kama mgeni wa chumba namba tatu.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimeishusha fremu ukutani, nikaifunga kwenye kitenge, nikaenda kwa Mzee Tluway kwa miguu. Vumbi mpaka magotini. Kavaa miwani, akahesabu kwa kidole.

“Hapa tano.”

“Ndiyo, mzee.”

“Kwako kumi na moja.”

“Sita ni zangu.”

Kacheka mpaka akakohoa. Kisha akavua miwani. “Mama Aneth, sita zako zimemvunjia mwanao jina.” Hakuahidi kitu. Kasema atafikiri.

Kurudi nimepita meza ya vitunguu, nikawaambia wote, neno kwa neno. Mmoja kanikejeli, eti fundi mpya wa mji. Nimekubali. Uso uliniwaka hadi nyumbani.

Alhamisi, 28 Agosti
Jua limetoka, mashuka yamekauka kabla ya saa sita. Gwandu yuko juu anabomoa. Vipande vya chupa vimejaa ndoo mbili.

Aneth amepiga simu dukani kwa jirani. Mzee Tluway amemwita Jumamosi akaangalie eneo. Kuangalia tu, kasema. Aneth kasema pia nimwekee kiburu. Sijamtangazia mtu.

Saa tisa nikakaa uani na sahani yangu. Kozi ya saba ikatoka, ya sita ikatoka. Kikaonekana kilemba cha Mama Paskali, halafu uso, halafu ungo wa maharage mapajani. Akanitazama nikila.

Nimeendelea kula.