Keki Ambayo Sikuila

Kisangani, 30 Juni, usiku

Sikuila ile keki.

Haya, nimeandika. Hakuna mwingine anayejua, hata mama. Leo mchana, mbele ya wageni wote, nilimwambia papa, baba yangu, kwamba nimekula. Watu husema uongo ili wajiokoe. Mimi nimesema uongo ili nihukumiwe haraka, yaishe.

Hayajaisha. Nina hasira. Nayaandika hapa kwa sababu nikiyasema kwa mdomo sauti yangu inatoka ndogo, na watu wanadhani nimechoka.

Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito juu ya mto, halafu jua likachomoza kwa ukali. Ni sikukuu ya uhuru. Wenzangu niliomaliza nao shule mwezi huu walikwenda kutazama gwaride. Mimi kikohozi kilinibakisha nyumbani, nikamsaidia mama kutwanga pondu, majani ya muhogo. Shangazi alikuja mapema na keki kubwa: ya uhuru, akasema, na ya mimi kumaliza shule. Aliiweka mezani, akaifunika kitambaa.

Kwa wale mnaosoma blogu hii kwa mara ya kwanza: nilizaliwa na mucoviscidose. Ute wa mwilini mwangu ni mzito kama gundi. Unaziba mapafu, unaziba kongosho. Mama anasema nilipokuwa mchanga, akinibusu midomo yake ilibaki na ladha ya chumvi. Miaka mingi nilikohoa na kukonda tu. Halafu kongosho likachoka, nikapata kisukari juu yake.

Lakini si kisukari cha wazee wanaoambiwa wapunguze kula. Mimi naambiwa kinyume. Nile sana, nile mafuta, nimeze vidonge vya kusaidia tumbo, kisha nijidunge insulini inayolingana na chakula. Nisipokula nitakonda, na nikikonda mapafu yatashindwa. Nimeyaeleza haya nyumbani mara nyingi. Wote wanaitikia kwa kichwa. Kisha wakisikia neno sukari, wanakimbilia kuniondolea sahani.

Ndivyo ilivyokuwa leo.

Asubuhi nilijidunga vizuri, nikanywa chai kwa mkate. Kabla ya chakula cha mchana nikajipima sukari, na namba iliyotokea sijawahi kuiona kwenye ile mashine. Nikanawa mikono, nikapima tena. Ileile. Nilikuwa na kiu tangu saa za asubuhi, na nilikwenda chooni kila mara, lakini nilidhani ni joto.

Papa aliiona ile namba kutoka nyuma ya bega langu. Papa ni fundi cherehani, macho yake yanaona hata uzi uliopinda. Akaenda mezani, akafunua kitambaa. Pembe moja ya keki ilikuwa imekatwa.

"Nani alikata hapa?"

Watoto wa shangazi wakaangalia chini. Papa hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi.

"Ni weye? Sema kweli."

Nilitikisa kichwa. Tonton Hamisi, mdogo wake papa, akacheka kwenye kiti chake.

"Mashine iko inasema, yeye iko anakataa! Sikia, ma fille. Wakati ya vita, sie tulikaa chini ya kitanda, mabombe inapita juu ya paa, siku na siku bila chakula. Hatukulia. Weye unashindwa kuacha keki tu?"

Wageni wakacheka naye. Papa hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nauliza mara ya mwisho. Ulikula?"

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema kwamba hata kama ningekula ile keki, nina ruhusa, ningejidunga tu. Nilitaka kusema kwamba kipande kimoja hakileti namba ile. Maneno yote yalijipanga kooni kama watu kwenye mlango mwembamba, na lililopita ni moja tu.

"Ndiyo, papa."

"Bon," akasema, akaichukua sahani yangu.

Pondu, samaki, ndizi za kukaanga. Chakula nilichosaidia kupika kwa mikono yangu. Kikapelekwa jikoni mbele ya macho yangu, na mazungumzo juu ya uhuru yakaendelea.

Mama alinidunga dozi ya kushusha. Tukangoja. Tumbo likaanza kuuma, macho yakawa kama yana ukungu. Tulipopima tena, mashine haikuandika namba. Iliandika herufi mbili tu, maana yake sukari imepita mahali inapoweza kuhesabu.

"Keki gani hii?" mama akanong'ona.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu mimi peke yangu katika nyumba nzima nilijua kwamba hakuna keki tumboni mwangu. Wengine wote walikuwa na sababu mkononi, wametulia nayo. Mimi ndiye niliyewapa.

Nikaichukua ile chupa ya insulini, nikatoka nayo uani, nikaielekeza kwenye jua. Siku zote ni safi kama maji. Leo vitu vidogo vyeupe vilikuwa vinaelea ndani, kama unga wa muhogo ulioachwa kwenye bakuli.

Nyumbani umeme unakuja ukipenda. Ndiyo maana dawa yangu inalala kwa Mama Léontine, jirani yetu wa kutoka Yanonge, anayeuza sucré, soda za baridi. Ana paneli za jua na friji ambayo haizimi, na avenue nzima inamwekea vitu. Nilikwenda kwake nikishika ukuta. Nilimuuliza chupa yangu ililala wapi jana.

Uso wake uling'aa.

"Ah, mutoto yangu! Nilikuwekea fasi ya muzuri kabisa. Sucré ilijaa juu ya fête ya uhuru, donc nilishusha dawa yako chini, katikati ya barafu. Nikasema, ile ya mutoto isipate moto hata kidogo."

Katikati ya barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena. Asubuhi nilijidunga maji. Mchana mama alinidunga maji.

Nikamwambia, "Aksanti, mama." Ndiyo, nilimshukuru! Jamani, ninajichukia wakati mwingine.

Lakini nilirudi kwa haraka niliyoweza, nikamwambia mama sikioni, "Dawa iliganda. Tuende hospitali sasa." Hakuuliza mara mbili. Alivuta kitenge, tukapanda toleka mbili, na mwendesha baiskeli wangu alilalamika njia nzima kwamba ninamwegemea.

Muuguzi aliangalia chupa, akaitupa. Wakanitundikia maji, wakanidunga insulini hai. Aliuliza nilikula nini, na mama akajibu kwa aibu, "Keki kidogo." Nilifumba macho. Namba ikaanza kuteremka polepole. Jioni tukapewa chupa nyingine, na muuguzi akasema tuishike kama yai. Tangu waasi wakamate miji ya mashariki, barabara za huko zimefungwa. Dawa inangoja ndege, au inapanda mto na mashua kutoka Kinshasa, na hakuna anayejua itafika lini. Hii ikiharibika, hana nyingine ya kutupatia.

Mama alikwenda mwenyewe kwa Mama Léontine kumweleza, taratibu. Chupa sasa iko kwenye mlango wa friji, juu, mbali na barafu. Mama Léontine alilia, kisha akaniletea liboke, samaki aliyefungwa kwenye jani, moto bado. Nilijidunga, nikala yote mpaka nikalamba jani. Sina hasira naye.

Nina hasira na papa.

Tuliporudi wageni bado walikuwepo. Mama alimweleza papa habari ya barafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akasema, "Dawa iliharibika, sawa. Na keki juu yake. Umeona sasa?" Tonton Hamisi akaitikia. Mama akanifunika bega kwa kitenge chake.

Hakuna aliyefikiri kwamba kama dawa ilikufa, huenda keki haihitajiki tena katika hadithi hii. Waliikuta tayari ndani, wakaiacha.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi uani, hospitalini, mlangoni. Kesho asubuhi lazima nirudi kupimwa, na safari hii papa atanipeleka. Tutakuwa wawili tu njiani. Najua muuguzi atauliza tena nilikula nini, na nimeamua nitajibu mimi, kwa sauti yangu, kabla ya mtu yeyote. Nitamwambia chai na mkate. Papa atakuwa amesimama pale.

Lakini kabla ya hapo nataka ajaribu mwenyewe. Nataka aniulize njiani, bila tonton, bila wageni, bila namba mkononi, aniulize kama mtu ambaye jibu hajalijua bado.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unapitia soko letu na unamfahamu fundi mmoja anayeshona huku ameshika pini mdomoni, tafadhali, mpe salamu za sikukuu tu. Usimwambie kitu. Hii ni siri yangu na yako mpaka asubuhi.