Shati la Mara Thelathini

2 Mei

Baba, shikamoo.

Goti linasemaje? Na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha au bado mnaishi wote? Mimi sijambo, sindano tu ndizo zinanichoma vidole.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako haipatikani, huu mwezi wa pili. Jirani kaniambia ilitumbukia kwenye zege na nguzo ikamwagwa nayo humohumo. Baba, hivi kweli? Sasa niwe napigia nguzo?

Habari yenyewe ni hii. Nimepata likizo ya wiki moja, kuanzia Jumamosi tarehe 23 Juni. Fundi mkuu wetu hapa karakana, tunayemwita Mama Vipimo, ana nyumba ya vyumba viwili kando ya ziwa. Katuachia tukakae, mimi na wewe. Wiki nzima hakuna karai, hakuna ngazi. Tangu tumzike mama ni miaka sita, na hatujalala chini ya paa moja hata siku mbili mfululizo. Safari hii sitaki kusikia "kazi imebana".

Sasa nguo. Nakujua. Ama utakuja na za kazi, ama utakimbilia mtumbani ubebe rundo la mashati ya kuvaa mara moja. Usinunue kitu. Hapa kazini tunakarabati nguo za watu, tunageuza kola, tunaweka viraka, na Mama Vipimo anatufundisha kitu anachokiita nguo za taratibu. Chache, imara, zinazoelewana rangi, unazivaa miaka. Anasema nguo ambayo hujaivaa mara thelathini bado si yako, ni ya duka.

Kwa hiyo tandika nguo zako zote kitandani. Toa nusu. Zinazobaki ndizo za safari, begi moja tu. Nataka uje na nguo zako mwenyewe, zilizokuzoea.

Pamoja na barua, dereva wa basi atakupa shati la kitani. Nimelishona mimi.

Binti yako


12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo mahali pake. Kikohozi kipo. Vaa kastabini kidoleni, mama yako alikuwa anakwambia kila siku.

Simu ni kweli. Iko nguzo ya tatu, upande wa ngazi. Ililia mara moja ikanyamaza. Labda ulikuwa wewe.

Barua nimesoma mara mbili. Mambo mengi.

Nimetandika nguo kitandani. Suruali tatu. Mashati matatu, moja kola imekwisha. Soksi jozi moja. Koti la mvua. Zimekaa upande wangu wa kitanda na nafasi imebaki. Umesema toa nusu. Nusu ya suruali tatu ni suruali ngapi? Nikate mguu? Na soksi, niende na moja? Jirani kapita dirishani kanikuta nimesimama na soksi moja mkononi. Kaniuliza, "Mzee, kwema huko?" Nikamwambia binti yangu ndiye kaagiza.

Hizo nguo za taratibu sizielewi. Zangu zote ni za taratibu. Zinachakaa taratibu, zinakauka taratibu, na mimi ndani yake napanda ngazi taratibu. Hakuna aliyenipa cheti.

Msimamizi wetu, huyu tunayemwita Pimamaji, nimemwomba likizo. Kanitazama usoni. "Wewe? Likizo? Nani kafa?" Nikasema hajafa mtu, binti yangu anataka tukae. Kasema atafikiri. Na yeye kufikiri kwake ni kama bomba la hapa, linatoa siku likitaka.

Shati nimepata. Zuri. Rangi ya mchanga mkavu. Umesema nije na nguo zangu, na shati si langu mpaka nilivae mara thelathini. Sawa. Nimeanza Jumatatu. Leo ya sita. Nafua jioni, navaa asubuhi. Wenzangu wananiita Bwana Harusi. "Bwana Harusi, lete zege!" Nimewaambia wazoee, bado mara ishirini na nne.

Baba yako


20 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana mimi presha imepanda.

Ya sita ya nini? Unavaa shati la kitani kwenye zege? Barua yako imekaa kwa dereva wiki nzima, basi lilikuwa gereji, na mimi huku sina habari. Nimepiga hesabu ya vidole. Ukitoa Jumapili, mpaka jana ni mara kumi na mbili! Kola ile nimeifumua mara tatu ndipo ikakaa. Vifungo nimechagua kimoja kimoja. Na wewe unalibebea karai!

Mara thelathini ni maneno ya kumzuia mtu asinunue ovyo, baba. Si adhabu. Si dozi. Hata dawa hakuna anayeifukuzia hivyo. Nilipomsomea Mama Vipimo barua yako alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akasema, "Miaka yote nafundisha, mwanafunzi aliyenielewa ni huyo mzee peke yake." Wenzangu wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Nakuomba livue. Lifue kwa maji ya baridi, lianike kivulini, likunje, liweke. Na ujifunze kutunza kitu kizuri ukikipata. Nguo si kitu cha kutupatupa. Nguo ina watu ndani yake.

Na soksi uje nazo zote mbili, jamani. Hivi kweli?

Pimamaji kasemaje?

Binti yako


28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mzima.

Pimamaji alikubali. Wiki moja.

Leo ilikuwa ya kumi na tisa. Ncha ya nondo ya nguzo imelitoboa shati begani, bega la kulia. Nimeziba kwa kipande cha mfuko wa saruji, nimeshona kwa uzi wa kupimia ukuta. Linakwaruza lakini limeshika. Nilipomaliza kushona ndipo dereva akaleta barua yako.

Unanifundisha kutunza nguo. Wewe.

Nitasema mara moja tu. Wiki ile ya kumzika mama yako nilirudi kazini. Jioni nimefika nyumbani nimekuta kabati tupu. Magauni hakuna. Koti la bluu hakuna. Viatu. Hata lile sweta lililofumuka kiwiko. Umegawa zote, siku moja, mimi sipo. Hukuniuliza. Ilibaki aproni yake kwa sababu ilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, hukuiona. Ndiyo hiyo niliyonayo. Ipo kwenye msumari ndani ya kabati, peke yake, miaka sita.

Sikusema kitu. Ulikuwa mdogo na mimi sijui kusema. Lakini leo unaniandikia nguo ina watu ndani yake. Nyani haoni kundule.

Shati nimelivua. Likizo nenda na huyo Mama Vipimo mkacheke. Pimamaji nimemwambia nimeghairi. Kasema, "Nilijua."

Baba


9 Juni

Baba, shikamoo.

Sijui kama utaifungua hii. Kama umeifungua, niambie unakula, niambie goti linaamkaje. Hata neno moja.

Nimeandika barua nne nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na hasira, ya pili ilikuwa na machozi, mbili zilizobaki zilikuwa na uongo kidogo. Hii ni ya kweli.

Siku ile naikumbuka kuliko unavyodhani. Baada ya kumzika ulikuwa unafungua kabati, unasimama, unafunga. Unafungua, unafunga. Ukaweka kiti mbele yake ukakaa na buti miguuni. Siku nne hukula. Ya tano ukaenda kazini ukaanguka kutoka kwenye ngazi, wenzako wakakuleta wamekubeba, goti limevimba kama tikiti. Ukaniambia, "Nimeteleza." Ni goti hilohilo ninalokuuliza kila barua. Kesho yake ukaamka unachechemea ukarudi kulekule kwenye ngazi. Mimi nikabaki nalitazama kabati. Nikasema hili litaniulia na baba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani likiwa tupu utakula. Na jioni ile kweli ulikula, ukamaliza sahani. Nikajidanganya kwamba nimefanya vizuri.

Nilikosea, baba. Nilipaswa kukuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo, na mimi mwenyewe sikubakiza hata kitambaa cha kufutia macho.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Mwaka jana nilimwona mama mmoja stendi amevaa koti la bluu. Nguo niligawa huko kwetu, sijui lilifikaje huku. Lakini lilikuwa lile, kifungo cha pili kilikuwa kile cha kahawia ulichokishona wewe, hakifanani na wenzake. Nilimfuata mitaa mitatu kama mwizi. Akageuka. "Binti, nimekukosea nini?" Nikasema hapana mama, koti lako zuri. Akalishika kifuani, akasema, "Hili? Hili halichakai." Nikarudi karakana nikajifungia chooni nikalia. Mama Vipimo alinisubiri mlangoni. Akanipa sindano na kitambaa kilichotoboka, akasema kaa hapa. Ndiyo siku niliyoanza kujifunza viraka. Mambo ya nguo za taratibu unayoyacheka yalianzia hapo.

Ufunguo wa nyumba ya ziwani ninao. Jumamosi tarehe 23 basi linaingia saa nane mchana. Nitakuwa stendi. Usiposhuka nitarudi zangu, sitakusumbua tena. Njoo na nguo yoyote. Ukitaka vaa huo mfuko wa saruji mzima.

Binti yako


21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakula.

Barua ilifika Jumapili ile, kesho yake tu. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Siku ile sikuteleza. Nilikuwa siangalii ninapokanyaga. Ulijua. Haya.

Sikujua ulikuwa unanitazama nikikaa pale kwenye kiti. Nilidhani upo jikoni.

Nimerudi kwa Pimamaji nikamwambia nakwenda. Kafoka mbele ya watu. "Mzee, unakwenda au huendi? Mimi ni msimamizi wa jengo, si msimamizi wa moyo wako!" Lakini kasaini. Kasema nikighairi tena ananimwagia kwenye nguzo nikaungane na simu.

Shati nimeendelea nalo tangu tarehe 11. Usipige kelele. Zege likianza kumwagwa humwagi nusu ukaenda nyumbani. Leo ya ishirini na tisa. Kesho silivai, linafuliwa. Maji ya baridi, kivulini, kama ulivyosema. Ya thelathini ni ndani ya basi. Nikishuka stendi litakuwa langu.

Kile kiraka cha mfuko wa saruji nimekitoa, kilinichubua. Aproni ya mama yako ina mifuko miwili. Jumapili hii iliyopita nilikaa nayo na wembe tangu asubuhi. Nafumua, naacha. Jirani kauliza dirishani, "Leo tena soksi?" Nikafunga dirisha. Mchana nikafumua mmoja. Nimeuweka begani, pale kwenye tundu. Una maua madogo, wenzangu wamecheka wakachoka. Mshono umepinda lakini umeshika. Usiufumue. Mama Vipimo naye asiuguse, hata akiwa na miwani.

Mfuko wa pili nimeufumua pia. Upo kwenye begi, nimeukunja ndani ya soksi usichafuke. Huo wako. Ushone utakapotaka. Sitauliza.

Suruali moja nimevaa, moja ipo begini, ya tatu naiacha. Hiyo ndiyo nusu yangu. Mashati mawili na hili. Lenye kola iliyokwisha nakuletea uigeuze, si ndiyo kazi yako. Koti la mvua nimelibeba, ziwani kuna maji. Soksi zote mbili. Ukisema nyingi nageuza na basi hilohilo.

Saa nane. Usichelewe, goti halipendi kusimama.

Na yule mama wa koti, ukimwona tena usimfuate kama mwizi. Msalimie. Kisha muulize kile kifungo cha kahawia kama kinalegea. Nilikishona harakaharaka, mama yako alikuwa tayari mlangoni.

Baba yako