Ufunguo wa Bibi Masuda

Al Quoz, Dubai
6 Machi 2016

Mpendwa Shangazi Hilwa,

Assalaam aleikum na shikamoo. Miguu yaendeleaje? Na huko Kuze, joto limepungua? Mimi ni mzima wa mwili tu, roho iko juu juu. Barua hii anakuletea Ubeid anayesafiri kesho, maana chumba chetu kina masikio, sithubutu kusema kwa simu.

Shangazi, wimbo wa mamako umeniponza.

Wiki iliyopita Madam Alya, mwenye karakana ya mabuibui ninayofanyia kazi, alitualika harusini Al Barsha. Mwimbaji akaanza: “Ufunguo ni wa kwangu, bisha hodi hadi kuche.” Wimbo wa Bibi Masuda, huku ughaibuni! Machozi yakanitoka. Nikainuka nikicheza, nikaenda kumtunza mwimbaji noti.

Wajua mwenyewe: anayetunza penye ubeti, ubeti huo kautuma kwa mtu. Ukumbi mzima ukamgeukia Madam, kana kwamba namchokoza yeye kwa wimbo wa mke mkubwa anayemfungia mwenziwe mlango. Mumewe, Bwana Humoud, ameoa mke wa pili juzi tu. Nami kwa kiherehere changu nilisahau kabisa.

Siku zote hizi Madam hakunisemesha. Ananipita kwenye cherehani kana kwamba sipo.

Jana akaniita. Nikamweleza asili yote ya wimbo: kwamba kina mama wa mtaa waliigiza mchezo wa wake wenza, kwamba aliyeigiza mke wa pili alikuwa hajamaliza kuvaa, na watu wanapiga makofi ya kuchoka, ndipo Bibi akautunga wimbo papo hapo nyuma ya pazia, kujaza muda. Nikadhani atacheka. Hakucheka.

“Kumbe unaujua,” akasema. “Basi Ijumaa utauimba wewe nyumbani kwangu. Yule mke mwenza atakuwepo. Nitainuka nimtunzie ubeti ule ule mbele ya wote. Khalas.”

Naogopa, Shangazi. Nikikataa, Madam atanifukuza. Nikiimba, nimemtukana mke wa Bwana Humoud, na Bwana huyo ndiye kafeel wangu, mdhamini, viza yangu iko mkononi mwake. Na huyo bibi mdogo, Sheikha, hajanikosea lolote.

Lakini nakumbuka ulituambia mchezo haukuishia mlangoni. Kulikuwa na ubeti wa mwisho, mke mkubwa anafungua. Waimbaji wa maharusini waliuacha, kwa kuwa ubeti wa kupatana hakuna anayeuinukia kutunza. Mimi nimeshika mwanzo wake tu: “Ingia mwenzangu ndani...” Wewe ulikuwa jukwaani, umebaki peke yako unayeujua. Tafadhali uimbe kwenye simu ya Ubeid, anitumie kabla ya Ijumaa. Sauti ikikwaruza si neno.

Nisalimie Mundhir na Afrah, na majirani wote wanaoniulizia. Mola akulinde, akupe nguvu za kusimama.

Niombee dua, Shangazi. Nimeshaamua: nitaimba hadi ubeti wa mwisho, niwatazame wote wawili. Wakinifukuza, wanifukuze nimeuimba mzima.

Ni mimi mwanao nikupendaye mno,
Sundus