Mtumbwi wa Matembezi

Jumatatu, 2 Julai 1956
Asubuhi kaptula nne za karani wa posta. Anataka mifuko mikubwa. Ya kuwekea nini, sijui. Mchana wali na maharage.

Mke wangu Mwamini kauliza tena habari ya ziwa. Miaka kumi na moja ya ndoa anaomba kitu hicho kimoja: tutoke siku moja, tupige kafi, turudi. Si kuvua, si kwenda sokoni Goma. Kutembea tu. Yeye ni binti wa mvuvi wa Rubona. Jina la Mwamini nilimpa mimi siku ya ndoa, aliposilimu. Nimemjibu kama siku zote, kwamba mitumbwi ni ya watu wanaonuka samaki. Siku zote hunirudishia maneno. Leo kakunja mkeka, kaingia ndani.

Nimeshona hovyo mchana kutwa. Bon, haya, nitatafuta mtumbwi. Lakini uwe mtumbwi wa watu wenye adabu, si gogo.

Ijumaa, 6 Julai
Baada ya sala nimeshuka Rubona kwa shemeji Petero, kaka yake Mwamini. Mvuvi kama baba yake. Ana mtumbwi wa pili anaoweza kutugawia: mti mmoja uliochongwa kisiwani Ijwi. Mzito, mweusi, umejaa magamba ndani. Nimeupima kwa futi yangu. Nyuma mpana, mbele mwembamba, hauna umbo.

Petero anasema, "Shemeji, iko nguvu. Maji haitaingia." Sisi wenye wazazi wa Ujiji tunasema maji hayataingia. Kumsahihisha ni kupoteza mate.

Kisha akaleta mambo ya kwao. Eti anayechukua mtumbwi kwa mara ya kwanza lazima aupindue ziwani makusudi, halafu aupande tena peke yake kutoka majini. Asipoweza, hapewi. Baba yao alimfanyia hivyo kila mtu. Mimi, fundi wa suti, na kanzu ya Ijumaa, nijitose mbele ya wanawake wanaopara samaki. Nimesema nitafikiri. Sifikiri.

Kuogelea sijui, lakini hilo Petero halimhusu.

Jumapili, 8 Julai
Nimekipata. Mzungu wa shamba la kahawa anarudi kwao na hawezi kukibeba. Kimtumbwi cha turubai juu ya fremu ya mbao, chepesi, nadhifu. Kila Jumapili yeye na madamu wake walikuwa wakipita nacho mbele ya mji, hawavui chochote. Hicho ndicho. Nitamshonea suti ya safari, kitakuwa changu.

Nimekaa ndani yake pale pale kwenye majani ya bustani. Kimenikaa kama koti. Akasema twende tukakijaribu majini kwanza. Ya nini? Kitambaa nakijua kuliko yeye.

Alhamisi, 12 Julai
Suti nimepeleka. Kimtumbwi kiko uani.

Nimetazama mshono wake nikaona haya. Umeshonwa kwa mkono, pengo la kidole kati ya tundu na tundu, uzi mnene kama wa gunia, nta imepakwa juu kama matope. Aliyeshona vile alikuwa amelewa. Sitapita nacho mbele ya watu. Nimefumua wote, nikakwangua nta maana inaziba sindano, nikaupitisha kwenye cherehani. Mistari miwili, mishono midogo, ya karibu karibu. Umenyooka kama wa koti la bwana harusi.

Majirani wamekuja kutazama. Nimewaambia Jumapili, pwani ya mjini, waje na macho yao. Mwamini akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza nta iko wapi. Nikamwambia aangalie sufuria zake.

Jumapili, 15 Julai
Mwamini alicheka. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloniuma. Alikaa mbele na khanga mpya, akachovya mkono majini, akacheka peke yake. Sijamsikia hivyo tangu nimwoe.

Tulikuwa tumepiga kafi mara hamsini hivi. Suruali yangu ikalowa. Kisha mshono ukaachia, wote kwa mpigo, mbele mpaka nyuma. Nilizama. Nilimeza ziwa. Mwamini akanikamata kola ya shati, akaogelea nami hadi mchangani mbele ya mtaa mzima.

Kola ile niliishona mwenyewe. Haikuachia.

Jumanne, 17 Julai
Nimelitandaza turubai mezani. Uzi haukukatika. Kilichokatika ni kitambaa, pale pale kwenye mstari wa sindano. Tundu kwa tundu, limechanika kama tikiti. Turubai hulishoni kwa mishono ya karibu, na tundu ulizibe kwa nta. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua. Mimi nimefundisha wanafunzi.

Barazani nimesema Mzungu kanipa kibovu. Wote wakamlaani. Mwenyewe yuko safarini, hawezi kujibu. Mwamini alipita na ndoo, akasikia. Hakunisuta. Afadhali angenisuta.

Jumapili, 22 Julai
Siku ya tano. Chakula kinakuja, maji ya kuoga yanakuja, neno haliji. Ziwa halitaji tena. Nilitamani aache kulitaja, sasa ameacha, na nyumba haikaliki.

Leo barazani nimesema: mshono ni wangu, Mzungu hana kosa. Wamecheka mpaka karani wa posta akakaa chini. Yule yule wa mifuko. Mtu asiyejua pindo wala mshono, ananicheka mimi, na ana haki.

Nimerudi nikamwambia Mwamini nimesema. Akajibu, "Nimesikia." Neno moja tu. Nimelichukua.

Jumapili, 29 Julai
Rubona, asubuhi, mimi na Mwamini. Nimemwambia Petero nitafanya wanavyofanya kwao. Wanawake wa samaki wakaacha visu vyao.

Nikaingia hadi kifuani, nikaupindua. Mara ya kwanza uliniteleza. Mara ya pili nikalala juu yake kama mbuzi, ukapinduka nami. Mara ya tatu Petero akaniinua kwa kwapa. Hakucheka. "Bon, shemeji," akasema, "pumzika."

Mwamini akafunga khanga kiunoni, akaingia. Akaupindua, akaugeuza, akautikisa maji yakamwagika, akapanda. Sikuona alivyofanya. Alikuwa anatoa maji kwa kibuyu mimi bado natema yangu. Wanawake wakarudi kwenye samaki wao. Kwao hilo halikuwa jambo.

Kwa desturi yao, basi, mtumbwi ni wake.

Ulisogea hadi nilipo. Akasema, "Kaa katikati. Usiguse kitu."

Tukaenda mpaka mahali nyumba za Rubona zinaonekana ndogo. Magamba yalinishika suruali. Maji hayakuingia. Alikuwa nyuma yangu na kafi, sikuweza kumwona uso, nikasikia anacheka kidogo. Sikuuliza anacheka nini. Tukarudi taratibu.

Sikugusa kitu.