Mshororo wa Nne

Mamangu mpenzi,

Nakubusu mikono yote miwili, na goti lako nalo nalipa pole. Je, maumivu yamepungua? Unaipaka ile dawa niliyokutumia, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mvua ya Guangzhou wiki ya pili sasa haijakatika, nguo hazikauki, na hapa mtaani Sanyuanli ukungu umeyafunika majengo, hata mchana natembea kama niliye usingizini. Mzigo wa duka umeshafika bandarini Huangpu, kaka asiwe na wasiwasi.

Sasa nina jambo la kukuungamia. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Anayenisafirishia mizigo ni Mzee Anwar, mtu wa Karachi. Zamani aliuza vitambaa Mombasa miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, "njoo mama, bei ya mwisho hii." Kila Jumapili baada ya alasiri watu wa kwao, wake kwa waume, hukutana ghalani kwake kusomeana mashairi ya Kiurdu. Hutandika shuka jeupe juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wakanywa chai ya maziwa, na taa ikapitishwa. Ikiwekwa mbele yako, zamu ni yako. Asili yake ni mshumaa, lakini ghalani moto ni marufuku, basi wanatumia taa ya kuchaji, zile zile ninazoleta dukani kwetu.

Mimi huenda kwa ajili ya chai, nisikufiche. Lakini mtu akisoma mstari wa kwanza, wote huurudia pamoja naye, polepole, ndipo akawapa wa pili, nao wakashusha pumzi na kusema "wah, wah." Sifahamu hata neno moja, na bado naota macho wazi. Naliona baraza letu, nakuona wewe na kalamu sikioni, na wanawake wa mtaa wanangoja shairi la harusi.

Jumapili ya wiki iliyopita nilitaka mahali pa kuweka birika. Taa ilikuwa njiani, nikaiinua, nikaiweka mbele yangu. Ghala zima likanigeukia.

"Mwanangu, umeichukua mwenyewe," akasema Mzee Anwar. "Soma."

"Nilikuwa naweka birika tu."

"Birika litangoja."

Mimi kutunga sijui, wajua. Kilichonijia mdomoni ni chako, kile kikaratasi ulichokificha kwenye kopo la vifungo ulipokuwa kwenye eda ya baba. Nilikisoma siku moja ulipokwenda kuoga, na tangu hapo hakijanitoka. Nisamehe, mama, nilikuibia. Nikalisoma shairi lenyewe mshororo mmoja mmoja, Mzee Anwar akiwafasiria:

*Kikombe chako naosha, kila siku hakinywewi,*
*Taa yako naiwasha, na kwa nini sielewi,*
*Wanasema yamekwisha, mimi mbona siambiwi,*

Wa kwanza wakaurudia kwa matamshi yao ya kuchekesha. Wa pili wakasema wah. Wa tatu wakaurudia, wakangoja. Kwao mistari huenda miwili miwili, mmoja hauachwi peke yake. Wakaurudia tena, mimi mbona siambiwi, mimi mbona siambiwi, na mvua inapiga mabati, na mimi sina cha kuwapa. Nikawaambia, "Hapo ndipo mama alipoachia."

Mzee Anwar alivua miwani. Mkewe alifariki mwaka ule walipohamia huku Uchina. "Mimi mpaka leo natia chai vikombe viwili," akaniambia, "na sijamwambia mtu."

Nikanyoosha mkono niipitishe taa, akanizuia. Kwao taa haimhami mtu ambaye hajamaliza. Jana Jumapili tulipokutana tena aliiwasha, akaiweka mbele ya mto wa kukalia usio na mtu, na wenzake wote wakasoma bila taa. Nikamuuliza mto ule ni wa nani.

"Wa mama yako."

Najua ulisema kalamu umeizika pamoja na baba. Nimenyamaza miaka miwili kwa heshima, na nimechoka kunyamaza. Nina hamu na mama yangu, si huyu anayenijibu kwenye simu "sijambo, Mungu akulinde" kisha akakata, bali yule mwenye kalamu sikioni. Nakuomba mshororo mmoja tu. Ukitoka mbaya usijali, hawa wengi Kiswahili hawakijui.

Nisalimie shangazi mwenye kelele, kaka na mkewe, na jirani yetu fundi cherehani anayekusomea barua ukipoteza miwani. Hii mwambie asiisome kwa sauti.

Mwanao akupendaye,
Saumu

Nilisahau kukwambia: taa naichaji mimi, kila Jumamosi.