Usitume Dawa Nyingine

Nyuma ya soko,
Voi.
14 Julai 1996.

Mpendwa mdogo wangu Idris,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na mkeo Khairat hajambo? Na huyo mtoto, meno yameshatoka? Tumesikia joto la Maskati mwaka huu si la mchezo, Mungu awape subira. Sisi huku tu wazima. Baba mguu wamsumbua asubuhi, lakini akishakunywa chai yake huusahau. Mimi siumwi, nina hasira tu, na nyingi ni juu yako.

Kwanza jua kwamba barua hii ameniagiza Baba. Amesema, "Mwandikie Idris alete makopo mengine ya ile dawa ya wadudu, haya yanakwisha." Haya, nimeufikisha ujumbe wake. Sasa nisikilize mimi dada yako: usitume! Hata kopo moja usitume!

Wajua Mama, Mungu amrehemu, alivyoiacha ile bustani. Mrehani mpaka mlangoni, mabamia, asumini, na pasheni imetanda juu ya baraza yote. Miezi ya mwanzo baada ya kumzika, Baba alikuwa hali chakula wala hapati usingizi, kutwa amelala ameupa ukuta uso. Siku moja akainuka akaenda kumwagilia ile pasheni, na tangu hapo bustani ndiyo shughuli yake. Nikashukuru sana.

Basi akakulalamikia wadudu kwenye simu, nawe ukajifanya mwana mwema, ukampa mtu anayerudi Mombasa makopo ya kupuliza. Mzee wa watu hana simile tena. "Hii dawa ya Idris," anamwambia kila mgeni. Anapuliza mabamia, anapuliza mrehani, anapuliza maua ya pasheni ndani kabisa, ua moja moja, kama anayewanyunyizia wageni marashi harusini.

Nyuki wakaanza kuanguka barazani, mimi nafagia. Wale weusi wanene wanaotoboa nguzo za mbao, ambao Mama alikuwa hataki waguswe, Baba akawaziba matundu yao kwa sabuni. Pasheni ikabaki kuchanua bure. Ua lafunguka adhuhuri, jioni lajikunja, kesho liko chini. Na Baba akiona maua yanaanguka asema nini? Kwamba wadudu wanayala! Anaongeza dawa. Ningeng'oa nywele zangu.

Nikamuuliza Tryphena, jirani yetu aliyetoka Wundanyi, maana kwao hulima pasheni. Akacheka. "Rayhana, hiyo haizai bila hao weusi. Kwetu tunawawekea hata gogo kavu watoboe." Nami nikatafuta gogo, nikaliweka nyuma ya jiko. Nikaweka sahani ya maji na vijiwe ndani ili nyuki wasizame. Mrehani nikauacha utoe maua, na pembe moja ya bustani nikaacha kuifagia.

Wee! Baba alivyoona majani makavu pembeni, ilikuwa kama nimemvunjia heshima mbele ya mji mzima. Mrehani akaukata, gogo akalipasua kuni, maji akawapa kuku. Nikamwambia, "Baba, hiyo dawa inaua nyuki, na bila nyuki hakuna tunda." Akanitazama kwa huzuni. "Idris anaweza kunitumia kitu kibaya?" Hebu niambie, hapo mimi nijibu nini?

Kwa kuwa kwa maneno nimeshindwa, nikachukua unyoya wa kuku. Kila Baba akienda kusali adhuhuri, mimi napanda juu ya stuli, nachukua ule unga wa manjano kwenye ua hili naupeleka kwenye lile. Wapita njia wananikodolea macho. Utu uzima wangu huu, nafanya kazi ya nyuki!

Yakapatikana matunda, kiasi cha kujaza bakuli. Kumbe nimejichimbia kaburi. Baba alipoyaona aliita mtaa mzima. "Mwaona? Si niliwaambia? Dawa ya Idris!" Mimi nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Sasa mzaha kando. Mimi siwezi kuwa nyuki maisha yangu yote. Nikiumwa wiki moja tu, maua yote yataanguka, na Baba ameshaanza kusema mti umezeeka, usipozaa msimu ujao ataung'oa. Akiung'oa ule, aliopanda Mama kwa mkono wake, naogopa atarudi kitandani na mara hii hatainuka.

Juzi nikaona liwalo na liwe, nikalificha kopo la mwisho. Alilitafuta asubuhi nzima, mpaka chini ya kitanda, bila hata kufoka. Huruma ikanishika nikamrudishia. Akaenda nalo chumbani, akafunga dirisha, akapuliza kidogo, akakaa. Nikamuuliza, "Baba, humu kuna mdudu gani?" Akasema, "Hakuna mdudu. Nyumba ya Idris huko lazima inanukia hivi."

Idris, tangu maziko hujaja. Ukipata ruhusa kazini, njoo. Ikishindikana, maana dakika za simu ni chache, rekodi kaseti, umsalimu kwa kirefu, umweleze kwa sauti yako kwamba maua yaachiwe nyuki. Mimi simwezi, wewe atakusikia.

Msalimu sana Khairat na unibusie mtoto. Shangazi Mwanatumu anawasalimu, Tryphena pia. Mungu akuzidishie riziki na afya, akufungulie njia ya kuja kwetu. Baba anakusalimu kuliko sote. Amekaa barazani, kila mara auliza kama nimeshamaliza kuandika.

Wako akupendaye, hata nikiwa na hasira,
Dada yako Rayhana