Ita Jina, Ndipo Utupe

Mama Mudogo wangu,

Tumeshindwa, na tumeshindwa kwa sababu yako. Naanza na hilo kwa kuwa hukupenda mtu azungukezunguke. "Sema kwanza mabao, kisha utalia," ulikuwa unatuambia. Haya basi: kumi na tisa kwa kumi na nane. Na lile la kumi na tisa wewe ndiwe uliyewapa, wewe uliyelala kaburini mwaka wa tatu sasa.

Ilikuwa Jumamosi, kule Ibanda, kwenye uwanja wa mpira wa pete, wa saruji, ulionyooka kama meza. Wasichana wetu hawajazoea mahali ambapo mpira ukianguka unakaa palepale. Huku Cimpunda, nyuma ya kapela, hicho kikanisa chetu cha mlimani, unajua mwenyewe: ukitoka nje unateremka mpaka kwenye mlango wa watu, na aliyeutupa ndiye anayeenda kuomba radhi. Lakini walicheza vizuri. Dakika ya mwisho mabao yalikuwa sawa, na mpira uko kwa Noela, nahodha wangu. Akamrushia mfungaji wetu aliyesimama peke yake chini ya pete. Yule mtoto akaudaka, akamtazama Noela, Noela akashika kichwa. Kisha mfungaji wangu akampa adui mpira mkononi, kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Wale hawakuuliza. Pasi tatu, bao, filimbi.

Mwamuzi, mama mmoja aliyesomea kazi hiyo Bujumbura, akamwita Noela. "Sasa mulitoa mpira juu ya nini?"

"Sikuita jina yake."

"Jina gani?"

"Jina ya mwenye niko namutupia. Njo sheria, maman."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwamuzi hakucheka. Alinipa kitabu kidogo cha kanuni, akaniambia nikasome polepole nyumbani.

Nikasoma. Mambo yako yote yamo, Mama Mudogo. Wachezaji saba kila upande, kila mmoja na herufi zake kifuani, na kila herufi ina mahali pake pa kucheza, hairuhusiwi kuvuka. Ukishaudaka mpira hutembei nao. Usikae nao zaidi ya sekunde tatu. Anayekuzuia asimame mbali nawe karibu mita moja, na wewe ulikata fimbo ya mkaratusi ya urefu huo, ukawa unaiweka katikati ya miguu yetu bila huruma. Wanaofunga ni wawili tu, tena wakiwa ndani ya nusu duara. Pete haina ubao nyuma yake, ukikosa umekosa. Yote hayo yamo. Ile ya jina haimo. Nilitafuta mbele, nikatafuta nyuma, nikasoma hata maandishi madogo chini ya picha.

Nilikuita mwongo. Kwa sauti, jikoni, maharage yakiungua. Miaka yote hii nimewafundisha watoto wa watu kwamba mpira uliotupwa bila jina ni wa adui, na kumbe ni maneno ya kinywa chako.

Nikampigia simu binti yako Neema, kule Idjwi. Akasema: "Mbele ufike, hatukukuwaka tunaita majina. Maman alileta ile sheria juma ile ulifika kwetu. Haukukuwa unajua?"

Sikujua. Niliketi kwenye kigoda nikaacha maharage yaungue yote.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumemzika mama, dada yako, kule Mwenga, na tangu siku ile sikuwa nimesema neno. Ulinipeleka kwenye maombi, nikarudi vilevile. Ulinipeleka kwa daktari, akasema koo ni zima. Basi ukanipeleka nyuma ya kapela. Wewe ulikuwa umerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mzigo mmoja tu wa maana, huo mpira wa pete uliofundishwa na mwalimu wa kule, na vijana wa basket walikuwa wanakutania: "Basket gani hii ya kusimama?" Ukawajibu: "Kukimbia na kitu, hata mbwa anaweza. Simama, angalia nani iko peke yake, umupe."

Ukanivika C. Ndiyo katikati, anayeanzisha mchezo, anayepita karibu kila mahali. Mtoto asiyesema ukamfanya yule ambaye kila mtu anangoja amwite. Filimbi inalia, nashika mpira, namwona Neema amejiacha wazi, mdomo hautaki. Moja, mbili, tatu, mpira unachukuliwa. Juma baada ya juma. Wenzangu walikasirika, na walikuwa na haki. "Mama Mudogo, toa ule bubu, tuko tunashindwa bure." Ulikuwa unajibu hivyohivyo kila mara: "Ule njo katikati yetu." Kisha unapuliza filimbi.

Kisha siku moja mvua ilinyesha, uwanja ulikuwa tope tupu. Nilishika mpira, nikaona mkono wa Neema juu, na jina lake likatoka. "Neema." Sauti mbaya, kama mlango wa zamani. Wote walisimama. Na wewe, Mama Mudogo, ukapuliza filimbi ukanyang'anya mpira.

"Jina iko muzuri," ukasema. "Muguu njo ilitembea."

Nilikuchukia jioni nzima. Nilikuchukia kwa maneno, na nadhani ndivyo ulivyotaka.

Sasa sikiliza. Papa mmoja, mzee wa kamati ya mashindano, aliniita juzi. "Maman, mambo ya Cimpunda muyaache Cimpunda. Huku tunacheza ya kitabu." Nikamwambia, vizuri. Mpira hatutautoa tena, hilo nimeshawaeleza wasichana, na Noela amelia akamaliza. Lakini majina tutayaita. Nikamsogezea kitabu: "Papa, munionyeshe ukurasa yenye inakataza mutu kuita jina ya mwenzake." Akafungua. Akalamba kidole, akafungua tena. Akanirudishia akisema yeye ana kazi nyingi.

Hiyo ni huko Ibanda. Nyuma ya kapela, mahali ambapo wewe uliweka nguzo, sheria yako inabaki nzima: pasi bila jina, mpira ni wa wengine. Anayetaka kuifuta aje anipokonye filimbi.

Kwa nini nimekuwa mkali hivi? Kuna mtoto, anaitwa Riziki, miaka tisa. Ameletwa kwa bibi yake kutoka upande wa Shabunda. Hasemi. Mimi sikuuliza aliona nini. Nimempa C.

Ameshapoteza mipira mingi kuliko ninayoweza kukuambia. Noela amenifuata mara mbili: "Maman, tumupe jezi mutu mwingine, mpaka atazoea." Nimemjibu unavyojua. Mechi ya marudiano ni Jumamosi hii, na Riziki ataianza. Najua atashika mpira akitafuta jina mpaka muda uishe, najua tunaweza kushindwa, najua watacheka, na papa wa kamati atakuwa amekaa mbele kabisa. Wacheke. Nitampa zile sekunde tatu, na zingine tatu, na mwaka mzima wa tatutatu akihitaji.

Ulishindwa mechi ngapi kwa ajili yangu? Nilimuuliza Neema hilo pia. Alianza kutaja, akaishia njiani. Wewe hukuniambia hata moja.

Na mimi Riziki sitamwambia.

Lala salama. Fimbo yako ya mkaratusi ninayo, haijapinda.

Ni mimi, mutoto wa dada yako, ule hakukuwa anasema